Orodha kuu ya magemu ya kupigana: maana yake, na nani huipanga

Miezi kadhaa kabla ya kila Evo, mashindano ya magemu ya video ambayo wachezaji wawili hupigana kwenye skrini, waandaaji hutangaza majina machache ya magemu, na mashabiki huyasubiri kama watu wanaosubiri kikosi cha timu ya taifa. Wapo wanaoshangilia, wapo wanaokasirika wiki nzima. Majina hayo ndiyo orodha kuu: magemu ambayo mashindano yenyewe yanayaendesha, kwa maana kwamba yanayapangia ratiba, waamuzi, zawadi na saa za kuonekana jukwaani. Gemu lisilokuwemo linaweza kuchezwa pembeni na wanaolipenda, lakini halina bingwa wa Evo mwaka huo.

Evo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote ya magemu ya kupigana. Yalianza mwaka 1996 huko California yakiitwa Battle by the Bay, yakiwa na wachezaji wapatao 40 na magemu mawili tu, yote ya ukoo wa Street Fighter. Jina la Evo lilikuja mwaka 2002, na tangu 2005 makao yake yakawa Las Vegas. Jambo moja halijabadilika: mlango uko wazi. Ukilipa ada ya kujiandikisha, unaweza kupangwa na bingwa wa dunia kwenye pambano lako la kwanza. Kwa sababu hiyo, kuchagua gemu ni kuchagua watu watakaosafiri kuja.

Wengi huiona orodha hii kama tuzo, kana kwamba waandaaji wamekaa wakapima gemu lipi ni bora. Sivyo. Ubora una nafasi yake, lakini waandaaji huanza na muda.

Mashindano haya hutumia mtoano ambao mchezaji hutoka baada ya kupoteza mara mbili. Ukikaa na kalamu utaona kwamba idadi ya mapambano huwa karibu mara mbili ya idadi ya washiriki, kwa kuwa kila anayetoka ni lazima awe ameshapigwa mara mbili. Mwaka 2023, Street Fighter 6 ilipoandikisha washiriki zaidi ya 7,000, hesabu hiyo ilileta takriban mapambano 14,000 ya gemu moja, yote yamalizike ndani ya siku tatu. Kila pambano linataka skrini, konsoli, viti viwili na mtu wa kuandika matokeo. Ukiongeza gemu la nane au la tisa, ni lazima upunguze mahali pengine, na fainali nazo haziwezi kuchezwa zote kwa wakati mmoja kwenye jukwaa kuu.

Baada ya muda huja wafuasi. Waandaaji huangalia ni wangapi walijiandikisha mwaka uliopita, ni wangapi hujitokeza kwenye mashindano madogo ya mwaka mzima, na ni wangapi hutazama matangazo ya moja kwa moja. Gemu jipya halina historia hiyo, kwa hiyo hupewa nafasi kwa imani. Dragon Ball FighterZ ilitoka Januari 2018 na ndani ya majuma machache ikawa imetajwa kwenye orodha. Ilipofika Agosti ilivuta washiriki zaidi ya 2,500, wengi kuliko gemu lingine lolote la mwaka huo. Mwaka huohuo Marvel vs. Capcom: Infinite iliachwa nje, ingawa ilikuwa ya ukoo uliokuwa Evo tangu miaka ya mwanzo. Jina kubwa lilikuwepo, wachezaji hawakutosha.

Kuna kitu cha tatu ambacho mashabiki wengi hukisahau, nami nakiona kizito kuliko vyote: ruhusa. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Kijiji chochote kinaweza kuandaa ligi bila kumwomba mtu. Gemu lina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kisheria ya kusema nani alionyeshe hadharani na kwa masharti gani.

Mfano ulio wazi kabisa ni Super Smash Bros. Melee, gemu la Nintendo la mwaka 2001. Mwanzoni mwa 2013 waandaaji wa Evo waliacha nafasi moja ya mwisho wazi, wakasema itaenda kwa gemu ambalo mashabiki wake watachangia pesa nyingi zaidi kwa ajili ya utafiti wa saratani ya matiti. Mashabiki wa Melee walitoa zaidi ya dola 94,000, wakalipita gemu la Skullgirls lililofikisha zaidi ya 78,000. Jumla ya michango yote ilizidi dola 225,000. Sijui kura nyingine ya magemu iliyokuwa na uzito wa kibinadamu kama ile. Kisha, siku chache kabla ya mashindano, Nintendo ikakataza matangazo ya Melee. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ilibadili uamuzi siku hiyohiyo, na fainali zikaonekana. Lakini somo lilibaki: watu walikuwa wamelipia nafasi ile kwa michango yao, na bado neno moja la mwenye gemu lingeweza kuifuta. Mwaka 2022, miezi kadhaa baada ya Evo kununuliwa na Sony na washirika wake, Nintendo ilitangaza kwamba haitashiriki, na hakuna gemu lolote la ukoo wa Smash lililokuwemo kwenye orodha.

Umiliki hufanya kazi upande wa pili pia. Fatal Fury: City of the Wolves ya kampuni ya SNK ya Japani ilitoka Aprili 2025, na kiangazi hicho ikawa kwenye orodha ya mashindano makubwa ya Riyadh, Esports World Cup. SNK inamilikiwa na taasisi ya Saudi Arabia. Halikuwa gemu baya, na Evo nayo iliichukua mwaka huohuo. Ila anayesoma orodha vizuri huuliza pia nani anamiliki nini.

Ubora wa kiufundi huonekana zaidi mambo yanapoharibika. Mwaka 2020, janga la korona lilipozuia mikusanyiko, Evo ilipanga kuhamia mtandaoni na orodha ikapinduka. Smash Ultimate, gemu jipya zaidi la ukoo wa Melee, ikaondolewa, na magemu kama Skullgirls na Killer Instinct yakapewa nafasi. Sababu ilikuwa kwamba magemu hayo yaliyoongezwa yalikuwa na mfumo wa mtandao unaokisia kitufe atakachobonyeza mpinzani na kujirekebisha papo hapo ukikosea, hivyo pambano halikwami hata wachezaji wakiwa mbali. Mwishowe mashindano yale yalifutwa kwa sababu nyingine.

Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, ilifuata njia tofauti kabisa. Huko orodha ilipitia kamati za michezo za mataifa na ilifungwa mapema mno. Michezo ilipoahirishwa kutoka 2022 hadi 2023, Street Fighter V ndiyo iliyogombewa medali, ilhali Street Fighter 6 ilikuwa imeshatoka miezi mitatu nyuma. Dhahabu ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini, mwenye umri wa miaka 44, kwa gemu ambalo wenzake walikuwa wameanza kuliaga.

Evo yenyewe wakati mwingine hurudi nyuma kwa hiari, na mimi hupenda sana inapofanya hivyo. Mwaka 2024 iliirudisha Street Fighter III: 3rd Strike, miaka 20 baada ya mchezaji wa Japani Daigo Umehara, akiwa amebakiwa na uhai wa kupigwa mara moja tu, kuyazuia mapigo yote ya Chun-Li, mhusika aliyekuwa akichezwa na Mmarekani Justin Wong, na kushinda raundi ile.

Na wale wasioitwa? Wachezaji wa Melee, ambao Evo iliwaacha nje ya orodha ya 2019 na haikuwarudisha, wana mashindano yao wenyewe, yakiwemo Genesis ya California. Huko utawakuta bado wamebeba televisheni nzito za kizamani zenye mgongo, kwa sababu hizo ndizo zisizochelewesha picha.