Mbuzi dume anajikamua mkojo hautoki: maswali mnayoniuliza sana

Mbuzi wangu dume anajikamua tangu jana, nadhani amefunga choo, nimpe nini?

Usimpe kitu, mwangalie kwanza. Huku Newala na Tandahimba kila mtu ananiambia "amefunga choo", nikiuliza mavi yanatoka? yanatoka. Sasa hapo choo kimefungaje? Huyo mkojo ndo umeziba, kuna vijiwe vimekwama kwenye mrija wa mkojo. Anakunja mgongo, mkia hautulii, analia, anasaga meno, majani hataki, mkojo unatoka matone au hautoki kabisa, na saa nyingine kwenye nywele za govi unakuta chembechembe kama za mchanga. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Mbona majike mawe hayo hayawapati?

Jike nae anaweza kuwa na mawe ila mrija wake mfupi na mpana, yanapita. Dume kaumbwa tofauti. Uume wa mbuzi, kondoo na ng'ombe umejaa tishu unganishi, yaani nyuzi ngumu za kolajeni zilizobanana, na kwa nje kuna ganda nene la nyuzi hizo hizo, sehemu ya kujaa damu ni ndogo, sio kama wa farasi. Kwahiyo ukisimama haunenepi sana, unarefuka kwa kunyooka tu, maana ukiwa umepumzika umejikunja kama herufi S kule nyuma ya korodani. Mrija wa mkojo unapita humo humo, umebanwa, hauna pa kutanukia. Jiwe likifika kwenye ile kona au kwenye kile kimrija chembamba cha nchani, linakwama.

Nimempa mafuta ya kula na magadi, si nisubiri kesho nione?

Usisubiri. Mafuta yanaenda tumboni, jiwe liko kwenye mrija wa mkojo, havikutani. Wala usimnyweshe maji kwa nguvu, unajaza kibofu ambacho hakina pa kutolea. Ndani ya siku moja au mbili kibofu kinaweza kupasuka, au mrija unapasuka mkojo unasambaa chini ya ngozi ya tumbo. Na hapa ndo wengi wanadanganyika jamani, kibofu kikipasuka mbuzi anatulia kidogo maana ule mkazo umeisha, mwenye mbuzi anafurahi anasema dawa imekubali. Haijakubali! Tumbo linaanza kujaa maji, sumu inapanda kwenye damu, anakufa. Kwahiyo narudia, usisubiri kesho, hata kama ni usiku piga simu.

Daktari atamfanyaje?

Akiwahiwa, na kama jiwe liko nchani, anakata kile kimrija na mbuzi anaendelea kupanda majike. Likiwa limekwama juu zaidi ni operesheni, hela nyingi na kupona sio uhakika.

Yanatokana na nini hayo mawe?

Kwa ninavyoona mimi, pumba na maji kidogo. Sikukuu ya Idi ikikaribia mtu anamfunga dume kamba fupi anamjazia pumba za mahindi anenepe, pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, alafu maji anapewa jioni tu. Najua maji huku juu uwandani ni shida, madumu tunanunua, lakini kama huna maji ya kumtosha basi pumba punguza, mpe majani, muwekee na chumvi alambe ili maji yakiwepo anywe vizuri.

Kingine ni kuhasi vitoto. Uume unakua kwa homoni za korodani, ukimhasi ana wiki mbili mrija unabaki mwembamba. Mwache afike angalau miezi 3, na ahasiwe na mtaalamu, sio jirani na wembe.

Akishazidiwa si nimchinje tu tule?

Kama tumbo limeshajaa, mkojo uko mwilini na nyama inanuka mkojo. Muite mkaguzi wa nyama aangalie kwanza, na asipokuwepo usimuuzie mtu hiyo nyama.