Matege hayatoki kwenye mfupa mmoja

Wengi huamini kwamba mtu mwenye matege ambaye goti limesagika upande wa ndani, akinyooshwa mguu tu, maumivu yataisha. Mambo hayako hivyo.

Matege hutupa uzito mwingi upande wa ndani wa goti, na gegedu la upande huo, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndilo huisha kwanza. Kwa kawaida daktari hukata muundi, mfupa mkubwa wa chini ya goti, karibu na goti na kuuelekeza upya, ili uzito uhamie upande wa nje ambao bado ni mzima. Lakini kwa mmoja muundi ndio uliopinda. Kwa mwingine ni mfupa wa paja, au gegedu limelika huku mifupa yenyewe imenyooka. Ukikata muundi ilhali kasoro iko pajani, mguu utaonekana umenyooka, ila uso wa goti, pale mifupa inapokutana, utabaki umeinama, na kila hatua italisukuma goti kando.

Ndiyo maana huniuma kusikia mgonjwa amepigwa picha ya goti peke yake, tena amelala. Picha inayofaa huanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, akiwa amesimama. Kabla ya kukubali kisu, muulize daktari: ni mfupa upi uliopinda, na kwa pembe ya nyuzi ngapi?