Namba ya bunduki haitoi majina ya wamiliki wote

Nimeandikiwa tena. Picha ya shotigani ya mitutu miwili, namba imezungushiwa duara jekundu, na ombi ni lile lile: "Naomba unitajie wote waliowahi kuimiliki." Aliyeniandikia ameshaaminishwa na dalali kwamba namba ikiingizwa kwenye kompyuta, majina yanashuka yenyewe, kuanzia lodi wa Kiingereza mpaka babu yake aliyeachiwa na mzungu wa shamba. Hakuna kompyuta hiyo. Watu wanatoa fedha nyingi kwa sababu ya imani hii, na wengine wanaharibu bunduki nzuri, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu.

Namba inakupeleka mahali pamoja tu, nako ni kwenye daftari la mtengenezaji. Ukishika bunduki ya watengenezaji wa London kama Purdey, Holland & Holland au Boss una bahati, kwa sababu madaftari yao yapo na ukilipa ada utaandikiwa kilichomo. Utapewa mwaka ilipokamilika, urefu wa mitutu, uzito, vipimo vya kitako, kama ni moja ya jozi, na jina la aliyeagiza. Basi. Baada ya hapo ikauzwa, ikawekwa rehani, ikarithiwa, jozi ikagawanywa kati ya ndugu wawili, mmoja akachukua namba 1 na mwenzake namba 2, na hakuna aliyekwenda London kumwarifu karani. Kwa bunduki nyingi za Birmingham, mji wa viwanda vya bunduki Uingereza, hata hilo daftari la kwanza limepotea.

"Basi polisi watakuwa na kumbukumbu." Hapana! Uingereza kibali cha shotigani kilianza tarehe 1 Mei 1968. Kabla ya hapo kulikuwa na leseni ya mwaka 1870, shilingi kumi, na ile ilikuwa ya mtu kubeba bunduki, yoyote ile. Hata baada ya 1968 kibali kilimtaja mtu bila kuorodhesha bunduki zake. Ni sheria ya 1988 iliyodai kila moja iandikwe. Marekani nako, watengenezaji hawakulazimishwa kupiga namba kwenye kila shotigani mpaka sheria ya 1968, na sheria ya 1986 ikapiga marufuku serikali kuu kuunda daftari la taifa la wenye bunduki. Kwa hiyo bunduki ya 1885 inaweza kuwa imepita mikononi mwa watu kwa miaka mia bila ofisi yoyote kuandika jina hata moja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Mtu anapata barua ya mtengenezaji, anaona jina, anatangaza: "Hii ilikuwa bunduki ya fulani." Barua haisemi hivyo. Inasema fulani aliagiza. Baba aliagiza kwa ajili ya mwanawe, bwana harusi alinunuliwa bunduki na wakwe, wakala alichukua ili kuipeleka India. Kwa Parker Brothers, watengenezaji wa Meriden, Connecticut, Marekani, jina unaloletewa mara nyingi ni la duka la vifaa lililoagiza kwa ajili ya kuuza. Mpiga bunduki mwenyewe hayumo. Na jina lililochorwa kwenye bunduki lenyewe linaweza kuwa la muuzaji tu: viwanda vya Birmingham vilitengeneza bunduki kwa wingi na kuzichora majina ya maduka ya miji mingine. Ukisoma Shaw & Hunter, Nairobi, umejua duka. Hujajua fundi, wala mkulima aliyeinunua.

Halafu kile kibao kidogo cha dhahabu chenye umbo la yai, chini ya kitako. Wauzaji wanakipenda sana. Wanaona kichwa cha mnyama, wanafungua kitabu cha nembo, wanachagua familia yenye cheo kikubwa zaidi. Kichwa cha simba au cha paa hutumiwa na familia nyingi zisizo na undugu wowote. Kukiwa na taji juu yake, angalau utafutaji unapungua: taji la baron huonyesha mipira minne, la earl mipira mitano iliyoinuliwa kwenye miiba. Hapo una cheo, bado huna mtu. Tena kibao kiliweza kutoka kiwandani kikiwa kitupu na kuchorwa na mmiliki wa pili au wa tatu. Pitisha ncha ya kidole juu yake polepole. Kikiwa kimebonyea katikati kama kijiko, kuna herufi za mtu mwingine zilizokwanguliwa kabla ya hizi unazozisoma. Huyo aliyefutwa ndiye ninayemtafuta mimi, na ndiye asiyetakiwa kwenye katalogi ya mnada.

Maharaja Duleep Singh wa Punjab, aliyeishi Elveden, Suffolk, alikuwa mlenga shabaha hodari na mteja wa Purdey. Hilo ni kweli. Lakini jina lake linabandikwa ovyo kwenye Purdey yoyote ya miaka ya 1870 yenye dalili ya kupita India, kwa sababu linapandisha bei. Dalili ya India si hati.

Kinachosaidia kweli ni chuma. Vua kishikio cha mbele, toa mitutu, ipindue. Chini, pale risasi inapokaa, kuna sehemu mbili bapa zilizojaa mihuri ya nyumba ya majaribio ya London au Birmingham, ambako mitutu hupimwa kama inahimili baruti. NOT FOR BALL, yaani si ya risasi moja nzima, ilipigwa kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni. Alama ya almasi yenye 12 (kipimo cha bunduki) juu ya C ilianza 1887. Maneno NITRO PROOF, yaani imepimwa kwa baruti isiyo na moshi, yalianza 1896, na mwaka 1904 ikaja mihuri ya NP, kifupi chake. Soma mihuri ya mitutu, kisha linganisha na ya kiwiliwili, yaani chuma ambacho mitutu hufungwa juu yake. Daftari likisema 1882, na mitutu ina mihuri ya zamani pamoja na ya baruti isiyo na moshi, ni mitutu ile ile iliyorudishwa kupimwa upya. Ikiwa na mihuri ya baada ya 1904 peke yake, hiyo ni mitutu mipya hata kama namba inalingana, kwa sababu mtengenezaji akiibadilisha huipiga namba ile ile.

Wengi wakigundua hilo wanasikitika, bei imeshuka. Mimi hufurahi. Mitutu mipya ina maana kuna mtu aliirudisha bunduki dukani, na mtu huyo alilipa. Kwa hiyo naomba mtengenezaji aangalie pia madaftari ya matengenezo ya kipindi kile. Mara nyingine jina la mmiliki aliyefuata liko humo, pamoja na anwani. Wengi hawaombi. Wanaridhika na barua ya kwanza.

Mnyororo wa wamiliki uliokamilika unafananaje? Chukua Fox, shotigani ya Kimarekani ya kipimo cha 12, aliyopewa Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Alishuka nayo Mombasa Aprili 1909, mwaka mmoja baadaye akaitaja kwenye kitabu chake cha safari ile, na kuna barua kati yake na Ansley Fox, mtengenezaji. Mwaka 2010 ilipigwa mnada kwa dola 862,500. Bei ile haikuletwa na namba. Ililetwa na karatasi za wakati ule ule, kutoka kwa watu waliohusika, zinazokubaliana.

Karatasi hizo hazipo kwa bunduki nyingi, na hapo nabaki na mashaka ambayo vitabu vya fani hii haviyasemi. Makarani waliandika kwa mkono na kwa haraka. 3 na 8 zimenisumbua mara nyingi, na siwezi kuapa kwamba kila namba niliyosoma ndiyo iliyokusudiwa. Gumu zaidi ni simulizi za familia. Bibi akisema, "Mzee aliipewa na Bwana Shauri," yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, nitaipimaje? Sina mizani ya uhakika. Naamini zaidi maelezo yasiyomsifu mtu, mathalani kwamba iliwekwa rehani kwa deni la duka, kuliko yale ya zawadi kutoka kwa mkubwa. Lakini huo ni mwelekeo wangu, si ushahidi, na huuandika hivyo.

Kwa hiyo ripoti yangu huwa na miaka mitupu. 1891 mpaka 1926, hakuna kitu. Wateja huniomba nijaze hata kwa "inasadikiwa". Sijazi. Neno hilo likiingia kwenye ripoti moja, mnada unaofuata hulinakili, na ule wa tatu huliondoa.

Ukitaka nikusaidie, nitumie picha ya sehemu bapa za mitutu, ya kiwiliwili, ya kibao, na ya lebo ndani ya sanduku ikiwepo. Mpige picha bibi pia, au mrekodi, angali anakumbuka. Hakikisha kibali cha bunduki kiko sawa kwenye nchi yako kabla hujaibeba kwenda popote. Na tafadhali usiisugue kwa msasa wala kuing'arisha ili namba isomeke vizuri kwenye picha.