Darubini Nzito Siyo Lazima Iwe Imara: Dhana Potofu za Wenye Bunduki za Teke Kali

Kuna sentensi niliyoisikia mezani pangu mara nyingi mpaka sasa naimalizia kabla ya mteja: "Fundi, nimechukua hii kwa sababu ni nzito. Ishike mwenyewe uone, hii haivunjiki." Kisha ananikabidhi darubini ya ukuzaji wa mara 6 mpaka 24, lenzi ya mbele milimita 56, uzito unakaribia kilo moja. Bunduki anayotaka ifungwe ni .375 H&H, au .458 Winchester Magnum, kaliba (ukubwa wa risasi na mtutu) za teke kali, na mnyama anayemfuata ni nyati. Mtu huyu kwa kawaida ni mwindaji mzuri, lakini amenunua kinyume kabisa cha anachohitaji, na muuzaji aliyemuuzia amenyamaza.

Nitaanza na hilo la uzito, maana ndilo linalonichosha kuliko yote.

"Darubini nzito ndiyo inayohimili teke"

Bunduki inapofyatuka inarudi nyuma ghafla; huko ndiko tunakokuita teke. Darubini iliyo juu yake inataka kubaki palepale ilipokuwa, kama abiria aliyesimama ndani ya basi bila kushika chuma dereva anapoondoa gari kwa fujo. Kinachoilazimisha ifuatane na bunduki ni pete mbili na skrubu chache zilizoshika besi, yaani kipande cha chuma kilicho juu ya bunduki ambacho pete hukaa. Darubini ikiwa na uzito mara mbili, pete na skrubu zinavuta mara mbili. Ni hesabu ileile ya shuleni: nguvu ni tungamo mara mchapuko.

Tuipige juu juu. Kikomo cha shinikizo la baruti kwa .375 H&H ni kama bar 4,300, na kipenyo cha mtutu wake ni milimita 9.5 hivi. Kwenye kilele, bunduki inasukumwa nyuma kwa nguvu ya karibu niutoni 30,000. Bunduki ya kilo 4 ikisukumwa hivyo, mchapuko wake wa kilele unapita mara 700 ya ule wa uvutano wa dunia, na yote hayo yanakwisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Katika kitambo hicho kifupi, darubini ya gramu 350 inazivuta pete zake kama mzigo wa kilo 270. Ya gramu 900 inazivuta kama mzigo wa karibu kilo 700. Ni kweli chuma na mbao hunyumbuka kidogo, na bega nalo hulegea, kwa hiyo namba halisi hushuka. Uwiano kati ya darubini hizo mbili haubadiliki.

Na huo ni mzigo wa nje tu. Wengi wanadhani darubini hufa kwa kupasuka kioo. Katika zile zinazoletwa kwangu, kioo kilichopasuka nakiona mara chache sana. Kinachokufa kiko katikati. Ndani ya mwili wa darubini kuna mrija mwingine mdogo unaobeba lenzi za kuigeuza picha isimame wima. Kama ni darubini ya kuzungusha ukuzaji, mrija huohuo unabeba pia lenzi zinazotembea mbele na nyuma. Umeegemea ncha za skrubu za vitufe vya kurekebisha, na upande wa pili kuna springi inayousukuma usitoke hapo. Kila risasi ikilia, mrija huo unaruka na kurudi. Springi ikiwa dhaifu, au ikiwa imechoka, haurudi palepale.

Hapo ndipo unapopata bunduki inayopiga risasi mbili zikigusana, ya tatu kiganja kizima pembeni, ya nne tena na wenzake. Mwenyewe anajilaumu kwamba alitetemeka. Anabadilisha risasi, anabadilisha kitako, anaanza kuogopa teke ambalo halikuwa likimsumbua. Kumbe ni kijispringi kisichozidi ukucha.

Sasa fikiria mrija wa ndani wa darubini ya mara 24. Ni mrefu, umejaa vioo, na una uzito wake wenyewe. Wapo watengenezaji wanaouwekea springi na skrubu za kufanana nao, na darubini zao ni nzito kwa sababu ya maana. Wapo pia wanaoweka lenzi kubwa na mwili mnene kisha wanabana pesa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa kuipima mkononi dukani huwezi kuzitofautisha hizo mbili. Ndiyo maana "ishike mwenyewe uone" hainiambii kitu.

Bunduki yenyewe ndiyo inayofaidika na uzito. Na hapa wengine hunibishia: .308 nyepesi ya kupandia milimani, yenye kilo 2.7, inaipa darubini mchapuko wa kilele unaokaribiana na wa ile .375 ya kilo 4. Shinikizo ni la kiwango kimoja, mtutu wa .308 ni mwembamba, lakini chuma cha kusukumwa nacho ni kidogo. Kwa hiyo mwenye .308 nyepesi asidhani mazungumzo haya hayamhusu. Kwa upande mwingine, mwenye .300 Winchester Magnum ya kilo 5 na zaidi, anayepiga swala uwandani akiwa amelala chini, anaweza kubeba darubini ya gramu 900 bila shida, mradi imefungwa sawasawa.

Kwa bunduki za nyati na wakubwa wenzake, ushauri wangu haujabadilika: ukuzaji wa 1 mpaka 4, 1.5 mpaka 5, au 1 mpaka 6. Lenzi ya mbele milimita 20 au 24. Mwili ulionyooka usio na kengele (sehemu iliyotanuka) mbele. Uzito kati ya gramu 300 na 500. Mwili ulionyooka unakaa chini karibu na mtutu, na unaweza kuusogeza mbele au nyuma kwenye pete mpaka jicho lipate nafasi yake.

Atakuja wa kuniambia milimita 24 haitoshi jioni. Gawa 24 kwa 4 unapata 6. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kwenye darubini kwenda kwenye jicho, na mboni ya mtu mzima gizani hufunguka milimita 5 hadi 7. Hata ukiongeza kioo mbele, kwa ukuzaji huo jicho halina pa kuupokelea mwanga wa ziada. Nyati hupigwa chini ya mita 100, mara nyingi chini ya 50. Ukimtazama kwa mara 24 kwenye umbali huo utaona ngozi nyeusi tu, hujui kama ni ya bega au ya tumbo.

Halafu kuna nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma cha darubini. Kwa kaliba hizi usikubali chini ya milimita 90. Mimi nataka 100. Na uipime kwenye ukuzaji wa juu kabisa, kwa sababu darubini nyingi za kuzungusha huisogeza nafasi hiyo karibu kadiri unavyokuza, na namba inayong'aa kwenye boksi mara nyingi ni ya ukuzaji wa chini. Wenye alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi, waliogongwa na darubini kwa teke, wananielewa.

"Kaza skrubu mpaka zilie"

Hii ndiyo ya pili kwa kuniudhi, kwa sababu mtu anaiharibu darubini nzuri kwa mkono wake kisha anamlaani mtengenezaji. Skrubu za kofia za pete nyingi zinahitaji niutoni mita 1.7 mpaka 2 tu. Ukizidisha, unauminya mwili wa darubini, mrija wa ndani unabanwa, kizungushio cha ukuzaji kinakuwa kigumu, na unaacha pete imechora shimo la kudumu. Fuata namba ya mtengenezaji wa pete na utumie bisibisi yenye kipimo. Kama huna, omba, azima, au mletee mwenye nayo.

Mshiko wa kweli unatoka kwingine. Safisha mafuta yote kwa spiriti, kwenye pete, kwenye besi na kwenye mashimo ya skrubu. Skrubu za besi zipate tone la gundi ya skrubu. Kama bunduki inapita kiwango cha .375, mwambie fundi apanue mashimo ya besi kutoka skrubu za 6-48 kwenda 8-40; ile ya kwanza ina kipenyo cha milimita 3.5, ya pili 4.2, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozuia skrubu kukatika shingo. Wenye CZ 550 au Ruger M77 wana nafuu, kwa kuwa besi zao zimechongwa kwenye chuma chenyewe cha bunduki.

Na jambo moja ninalolirudia mpaka wateja wanacheka: kama besi yako ni reli yenye mifereji, kabla ya kukaza isukume pete mbele, upande wa mdomo wa mtutu, mpaka bolti yake iguse ukuta wa mfereji. Bunduki inarudi nyuma, darubini inabaki, kwa hiyo ikitazamwa na bunduki darubini inakimbilia mbele. Pete iliyoachwa ikigusa ukuta wa nyuma itasogea mbele risasi ya kwanza tu, na ziro (ule mpangilio wa darubini unaofanya risasi ipige pale unapolenga) itaondoka nayo.

"Imepoteza ziro, basi imekufa"

Labda. Kabla ya kuizika, kagua skrubu za besi zilizojificha chini ya pete, maana hizo hakuna anayezikumbuka. Tazama mwili wa darubini mbele na nyuma ya pete: ukiona mstari wa mkwaruzo, iliteleza. Tazama kama kitako kimepasuka nyuma ya chuma, au kama skrubu zinazoshika mbao zimelegea. Halafu funga darubini nyingine unayoiamini, upige. Risasi zikiendelea kutawanyika, kosa haliko kwenye darubini. Nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa maiti huondoka zikiwa hai, na mwenyewe huwa hafurahi kama nilivyotegemea, kwa sababu ameshanunua nyingine.

Kama ni darubini kweli, ipime hivi: piga risasi moja, zungusha vitufe idadi fulani ya migoto (ile milio midogo ya "tik") kulia, piga, zungusha idadi ileile juu, piga, kisha kushoto, kisha chini. Risasi ya mwisho inapaswa kuangukia pale pa kwanza. Usifanye hivyo na .458 asubuhi nzima. Iazime bunduki ya teke dogo kwa zoezi hilo, halafu irudishe darubini kwenye bunduki yake uthibitishe kwa risasi chache. Na kama ilibidi uzungushe vitufe mpaka karibu na mwisho ili upate ziro, rekebisha besi kwanza. Mrija wa ndani uliosukumwa pembeni kabisa haupati msaada mzuri wa springi.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

Mwili wa milimita 30 hauingizi mwanga zaidi ya ule wa inchi moja. Mwanga ni kazi ya lenzi ya mbele, ubora wa vioo na rangi zilizopakwa juu yake. Milimita 30 inakupa nafasi zaidi ya kurekebisha, na ugumu fulani ikiwa kuta zake hazijapunguzwa unene.

Gesi ya naitrojeni iliyojazwa ndani inazuia ukungu. Haizuii teke. Na maneno "haiathiriwi na mshtuko" hayana maana mpaka mtengenezaji aseme amepima nini. Leupold wa Marekani, kwa mfano, wanataja mashine yao na wanasema muundo hupigwa mara 5,000 kwa teke mara tatu ya lile la .308. Hicho ni kitu unachoweza kukihoji. Kibandiko kitupu hakihojiki.

Breki ya mdomo wa mtutu (kifaa chenye matundu ya kutolea gesi pembeni) inalipumzisha bega, na hilo silipingi. Lakini gesi zinapogonga kuta zake zinaivuta bunduki mbele mara tu risasi inapotoka, kwa hiyo darubini inapata mshtuko wa kinyume juu ya ule wa kwanza. Kwenye kaliba kubwa, ukifunga breki usishushe kiwango cha darubini.

Bunduki ya upepo ya springi inaua darubini nzuri kwa sababu hiyohiyo. Pistoni inakimbia mbele na bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigota mwisho wa silinda, bunduki inarushwa mbele. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimejengwa kwa teke la upande mmoja. Nunua iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki za upepo, na usinicheke nikikuuliza swali hilo kabla sijakufungia ile uliyotoa kwenye .30-06 yako.

Dhamana ya maisha ni nzuri. Lakini utaitumia ukishafika nyumbani; porini, mbele ya nyati, haikusaidii.

Ndiyo maana kwa bunduki za wanyama hatari nafunga pete za kufunguka kwa mkono, na mteja akiniomba nimtolee vyuma vya kulengea (vile vya kulenga bila darubini) ili bunduki ipendeze, nakataa. Vyuma hivyo vipigwe ziro vyenyewe, darubini ikiwa imetolewa, kwa risasi ileile utakayowindia. Kisha irudishe darubini, piga risasi moja kwenye karatasi, uone kama imekaa pale ilipokuwa kabla hujaitoa. Ikiwa imehama, nirudishie pete, siyo darubini.