Hoteli ya uwanja wa ndege: viza, mabegi na usiku mmoja njiani

Wagonjwa wanaokwenda India, wanunuzi wa korosho wanaokwenda Vietnam, wanafunzi wa Uturuki: karibu wote wanaokata tiketi za nje hapa Mtwara na Lindi huja na neno lile lile. "Hoteli ipo uwanjani, kwa hiyo viza haihusiki." Si kweli. Imani hii inawalaza watu kwenye viti vya chuma huku chumba walichokilipia kikibaki kitupu, na kwa mgonjwa anayesafiri na maumivu, huo ni usiku mbaya sana.

Kinachoamua ni dirisha la uhamiaji. Kila uwanja wa kimataifa una upande wa ndani, ambako abiria wa transiti, yaani anayebadilisha ndege tu, anabaki bila kugongewa muhuri, na upande wa nje, ambako tayari umeingia nchi ya watu. Hoteli inaweza kuwa hatua chache kutoka unaposhukia na bado ikawa upande wa nje. Oryx Airport Hotel ya Doha ipo ndani, kwa abiria wanaobadilisha ndege. Istanbul, YOTEL ina vyumba pande zote mbili chini ya jina lile lile, na ukilipia cha nje bila viza, hukifikii. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, una hoteli ndani ya eneo lake lakini nje ya uhamiaji. Mtanzania hapo hana tatizo la viza kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Addis Ababa ni habari nyingine: Ethiopia si mwanachama, na neno "uwanjani" kwenye tangazo la hoteli halibadilishi hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, iandikie hoteli swali moja: "Je, abiria wa transiti anafika chumbani bila kupita uhamiaji, akitokea jengo la abiria namba fulani?" Taja namba ya jengo. Wakikujibu kwamba wapo "karibu sana na uwanja", hawajakujibu. Uliza tena.

Sasa sehemu ambayo watu hawataki kuisikia. Hata hoteli ikiwa ndani, tiketi zako zinaweza kukutoa nje. Ukinunua Dar es Salaam–Doha kwenye shirika moja na Doha–Mumbai kwenye jingine, kila moja na namba yake ya uhifadhi, kwa kawaida begi huishia Doha. Litakusubiri kwenye mkanda, na mkanda upo baada ya uhamiaji. Pasi ya kupandia ndege ya pili huenda nayo inatolewa kaunta ya nje. Unafuu wa bei ya tiketi mbili unaliwa hapo hapo. Nunua safari nzima kwenye tiketi moja, na kaunta ya Dar soma lebo ya begi kabla halijaondoka: iandikwe BOM kama unaishia Mumbai. Ikisomeka DOH, simama hapo hapo uulize. Jambo hili linaanzia Mtwara kwenyewe: kama kipande cha Mtwara–Dar umekikata peke yake, lebo itasema DAR, utalichukua begi, utalihamisha mwenyewe kwenda Jengo la Tatu, la ndege za nje, na ndege ya asubuhi kutoka Mtwara ikichelewa hakuna atakayekusubiri. Lala Dar usiku wa kabla.

Kuna nchi ambako mjadala wa ndani na nje hausaidii kabisa. Marekani kila abiria anayetoka nje ya nchi hupita uhamiaji, hata kama anaunganisha ndege tu, kwa hiyo viza ni lazima. Uingereza humtaka Mtanzania awe na viza ya kupita hata asipotoka upande wa ndani, isipokuwa walio kwenye misamaha iliyoorodheshwa.

"Shirika litanilipia hoteli." Likikuchelewesha ukakosa ndege ya pili kwenye tiketi moja, mara nyingi ndiyo. Ukichagua mwenyewe kukaa saa 14 kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu, hapana, labda shirika liwe na mpango wake, na mipango hiyo ina masharti ya saa na huombwa kabla ya safari.

"Begi kubwa nitalipata hotelini." Hapana. Likiwa limesajiliwa hadi mwisho, hutaliona. Dawa, ripoti za hospitali, chaja, kanga na nguo ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi.

Tarehe nazo zinawaumiza wengi. Ukitua saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 15, hoteli ya kawaida uiweke kuanzia tarehe 14. Ukiandika 15, chumba chako kinaanza saa 8 mchana, wakati umeshaondoka. Hoteli nyingi za upande wa ndani huuza kwa saa, mathalani sita, na hesabu ianze kwenye muda wa kutua ukiongeza saa moja ya foleni.

Na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Watu hudhani ni ya kwenda tu. Tanzania huidai chanjo ya homa ya manjano hata kwa anayerudi baada ya kukaa transiti zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Ethiopia zimo. Kwa hiyo usiku mrefu wa hoteli Addis wakati wa kurudi unaweza kukukwamisha Dar. Chanja angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo anayekuuzia "kadi mpya" kwa sababu ya zamani imepita miaka 10 usimpe hela.