Yule wa Ngozi ya Simba Si Alexander

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya tetradrakma (sarafu ya kale ya Kigiriki ya drakma nne) ya fedha, na chini yake maneno yale yale: "Sura halisi ya Alexander Mkuu." Hapana, jamani. Huyo ni Heracles, shujaa wa hadithi za Kigiriki.

Tazameni shavuni. Taya la simba limeshuka kando ya sikio, na miguu ya mbele ya mnyama imefungwa fundo chini ya kidevu. Hiyo ni ngozi ya simba wa Nemea, yule aliyeuawa na Heracles. Wafalme wa Makedonia walijihesabu kuwa uzao wa Heracles, na kijana huyo huyo asiye na ndevu yumo kwenye sarafu za shaba za Perdiccas III, baba mkubwa wa Alexander, aliyefariki mwaka 359 KK. Alexander alizaliwa 356 KK. Sasa sura yake ingefikaje huko?

"Lakini jina lake limeandikwa!" Limeandikwa, ndiyo, upande wa nyuma, pembeni mwa mungu Zeus aliyeketi na tai mkononi. Kama jina ndilo linalomtambulisha mwenye sura, basi mzee yule mwenye ndevu ndiye Alexander. Neno ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ maana yake "ya Alexander": linataja mwenye sarafu, halimtaji aliyechorwa. Ndiyo maana sarafu hizi ziliendelea kugongwa kwa jina lake hata baada ya kifo chake mwaka 323 KK, miji mingine kwa zaidi ya karne mbili.

Mkitaka Alexander mwenyewe, tafuteni tetradrakma za Lysimachus, mmoja wa majemadari wake waliotawala baada yake, zilizoanza takriban 297 KK. Nywele zimerushwa nyuma, na pembe ya kondoo dume imejikunja kuzunguka sikio. Hiyo ni pembe ya Amoni, mungu ambaye Alexander alikwenda kumuuliza kule Siwa, Misri, mwaka 331 KK. Ptolemy, jemadari mwingine aliyeitawala Misri, alikuwa amemtangulia Lysimachus kwa kumchora Alexander akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo.

Kuna jambo moja linalonisumbua, nami silifichi. Kwenye jeneza la mawe lililofukuliwa Sidon, Lebanoni, Alexander yuko vitani juu ya farasi, amevaa kichwa cha simba. Kwa hiyo askari aliyelipwa kwa fedha hii huenda alimwona mfalme wake ndani ya Heracles, na huenda mfalme hakuchukia. Hilo nalikubali. Ila kwenye maelezo ya sarafu mimi nitaendelea kuandika: Heracles, kwa jina la Alexander.