Mwiba umebadilika, kinga haijafutika

"Kirusi cha korona kimeshabadilika, chanjo ile sasa maji matupu." Nimeyasikia haya Ligula, hapa Mtwara, nimeyasikia kwenye kivuko cha Msangamkuu, na juzi kayasema mwalimu wa baiolojia. Hapo nikashindwa kunyamaza. Kazi yangu ni maabara.

Kirusi hakipangi kubadilika. RNA yake, yaani maandishi yake ya urithi, ina herufi 30,000 hivi; kikijinakili hukosea, na kosa linalokisaidia kuenea ndilo linalosambaa. Tusonge.

Protini ya mwiba, ile inayochomoza juu ya kirusi, ina asidi amino 1,273, na ni sehemu ndogo tu inayoshika kipokezi cha ACE2 kwenye seli zetu. Badiliko la N501Y, lililoonekana kwa aina za kirusi ziitwazo Alfa, Beta na Omikroni, lilikaza mshiko huo. Badiliko la E484K la Beta likazinyima pa kushika kingamwili nyingi, yaani protini za mwili zinazonasa kirusi. Ni kazi mbili tofauti, na kila moja ipimwe peke yake.

Kinachoniudhi ni watu kuchanganya kuambukizwa na kuugua hadi kulazwa. Omikroni, iliyoripotiwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba pekee. Kingamwili za waliochanjwa zilishindwa kuikamata vizuri, wakaambukizwa kwa wingi. Silifichi hilo. Lakini kinga si kingamwili peke yake! Seli T, askari wengine wa kinga, haziutazami mwiba ukiwa mzima. Zinatambua vipande vifupi vya protini vinavyoanikwa juu ya seli iliyokwisha kuambukizwa, na vipande hivyo hutoka kila upande wa mwiba. Aliyewahi kuugua anavitambua hata vya protini nyingine za kirusi. Tena vipande vinavyoanikwa kwako sivyo vinavyoanikwa kwangu, kwa hiyo badiliko moja haliwezi kutukwepa sote. Ndiyo maana kinga dhidi ya kulazwa ilidumu kuliko kinga dhidi ya maambukizi.

Wanaoandika kwa mkato kwamba Omikroni "ni nyepesi" nao wananitia shaka. Ni kweli hustawi vibaya zaidi kwenye mapafu kuliko Delta, aina iliyoitangulia. Lakini ilitukuta wengi tumeshaugua au tumeshachanjwa. Chanjo hapa nchini ilianza Julai 2021. Kipi kilichangia zaidi? Siwezi kukigawa kwa asilimia, na anayekugawia muulize amepimaje.

Chanjo zilizoboreshwa, kama ile ya 2023 iliyolenga XBB.1.5, tawi la Omikroni, zilitengenezwa ili kingamwili ziutambue mwiba mpya. Mzee mwenye kisukari anazihitaji kwa sababu hiyo, wala si kwa kuwa dozi yake ya kwanza imefutika mwilini.